Mnaogopa Betri, Mnanunua Injini Mbovu

Waambie Waswahili wa Columbus, Dallas au Minneapolis kwamba unaangalia pikapu kubwa ya haibridi iliyotumika, hukumu itatoka kabla hujasema ni ya mwaka gani. "Betri ikifa umekwisha." Wa pili, mwenye binamu Nairobi aliyeuziwa Aqua ya haibridi iliyochoka betri, ataipigia hukumu hiyo mhuri. Wa tatu atakwambia uchukue V8 ya petroli ulale usingizi wako. Mjadala umefungwa, na hakuna aliyeuliza gari limekuwa likibeba nini, limevuta nini, limepitia barabara za chumvi miaka mingapi, wala kama limewahi kuzama.

Hukumu hiyo ni mbovu. Sisemi kila pikapu ya haibridi ni nzuri. Zipo ambazo nisingezichukua hata kwa bei ya chuma chakavu, na nitazitaja. Ninachopinga ni kuifanya betri kuwa swali la kwanza, na kwa wengi swali pekee. Mtu akianza na betri anamaliza umakini wake pale penye hatari ndogo, kisha anaweka sahihi bila kugusa penye hatari kubwa.

Tuanze na ukubwa wa hiyo betri, maana hofu hii imeazimwa kutoka kwa gari la aina nyingine. F-150 Lightning, inayotembea kwa umeme mtupu, ilitoka na betri ya kilowati-saa 98 katika toleo lake la kawaida. Hiyo ikifa, shika kichwa, una haki. F-150 ya haibridi, ambayo Ford waliipa jina la PowerBoost na kuitoa kwa mwaka wa modeli wa 2021, ina betri ya kilowati-saa 1.5. Ukizigawa hizo 98 unapata zaidi ya betri sitini za namna hiyo. Tundra ya haibridi, iliyoanza na modeli ya 2022, ina kilowati-saa 1.87, na ni ya nikeli, jamii ileile ya betri ambayo Toyota wameifanyia kazi kwenye Prius tangu miaka ya tisini. Prius yenyewe, ile ambayo madereva wa teksi wameipiga maili mpaka namba za dashibodi zikachoka, ilikuwa na takribani kilowati-saa 1.3. Kwa hiyo unaposimama mbele ya pikapu yenye urefu unaokaribia mita sita ukaiwazia betri ya kulingana na umbo lake, macho yanakuongopea. Ndani mna betri ya saizi ya Prius.

Na kazi yake si nzito kama watu wanavyodhani. Inapokea umeme dereva anapokanyaga breki, inautoa gari linapoondoka kwenye taa au linapopanda kilima, na kompyuta haiiachi ijae hadi juu wala ikauke hadi chini. Kinachoimaliza ni joto, vumbi lililoziba njia ya hewa, na gari kuegeshwa miezi bila kuwashwa. Hayo yote yanakaguliwa. Kwenye Tundra betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa inayotoka ndani ya gari. Inama na tochi uangalie matundu ya kuvutia hewa. Kama mwenye gari alikuwa fundi wa kupiga plasta, au alikuwa akibeba mbwa nyuma, utaona vumbi na manyoya yamejaa humo kama sufi kwenye mto wa zamani. Hapo una jambo la kumuuliza. Halafu mwambie fundi mwenye kompyuta ya kupimia inayosoma mfumo wa haibridi akae pembeni yako mkiwa barabarani, asome volti za vipande vya betri wakati unakanyaga mafuta kwa nguvu na wakati unafunga breki. Vipande vikipanda na kushuka pamoja, betri iko hai. Kimoja kikiwa kinaanguka peke yake kila unapokanyaga, umepata mgonjwa, na umempata kabla hujalipa. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa msiziguse, wewe wala fundi wako wa mtaani. Humo ndimo unamopita umeme unaoua.

Kuna na suala la dhamana, ambalo hawa majaji wetu hulipita mbio. Kwa magari yanayouzwa Marekani, Toyota waliongeza dhamana ya betri ya haibridi kuanzia modeli za 2020: miaka 10 au maili 150,000, lolote litakalotangulia. Ford wametoa miaka 8 au maili 100,000 kwa sehemu za haibridi. Dhamana hizo hulifuata gari hata likibadilisha mikono, na miaka inahesabiwa tangu siku gari lilipouzwa mara ya kwanza, siyo tangu mwaka ulioandikwa kwenye tangazo. Tundra ya 2022 iliyouzwa mwaka huo ina dhamana ya betri mpaka 2032 kama maili hazijaisha. Sasa niambie injini yake ina dhamana ya kiwanda mpaka lini. Miaka 5 au maili 60,000. Hapo unaona kipi mtengenezaji mwenyewe anakiamini zaidi.

Nitakubali kitu kimoja, kwa sababu ni cha kweli. Ukitaka kuipakia kwenye kontena kwenda nyumbani, hofu yako ina msingi, kwani dhamana ya Marekani haivuki bahari, na fundi wa Lubumbashi au Bujumbura hana sababu ya kuwa na kompyuta ya PowerBoost. Mombasa usijisumbue kabisa: Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu. Lakini wengi wanaonipigia kelele hawaipeleki popote. Wataiendesha Ohio, wataiuza Ohio.

Haya, tuje kwa yule mshauri wa tatu na V8 yake ya kulalia usingizi. Mwezi wa Aprili 2025 General Motors waliita magari karibu 600,000 nchini Marekani, pikapu na SUV zenye V8 ya lita 6.2, modeli za 2021 hadi 2024, kwa sababu ya hitilafu za krenki na sehemu zinazohusiana nayo zinazoweza kuifisha injini safarini. Haibridi haimo hata moja. Mwaka mmoja kabla, Mei 2024, Toyota waliita magari takribani 102,000, Tundra pamoja na Lexus LX, kwa sababu masalia ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini na kuharibu beringi kuu za krenki. Injini ya petroli tupu, V6 yenye turbo mbili. Waliolala usingizi kwa sababu hawakununua betri waliamshwa na mlio wa chuma kugonga chuma.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu Tundra ya haibridi ina kisa chake kinachoonyesha vizuri jinsi swali la betri linavyompofusha mnunuzi. Injini iliyomo kwenye haibridi ni hiyohiyo ya familia moja, lita 3.4, turbo mbili. Toyota hawakuiingiza haibridi kwenye wito ule wa 2024. Sababu ilikuwa ya usalama barabarani: injini ikizima, mota ya umeme bado inaweza kulisogeza gari likatoka njiani, kwa hiyo hatari inayofanya gari liitwe haipo kwa kiwango kilekile. Maana yake kwako mnunuzi ni nini? Kwamba gari lenye mota ya kukuokoa katikati ya barabara ndilo ambalo mwenyewe hakuitwa kubadilishiwa injini bure. Mtu anayeuliza "betri ikoje?" atajibiwa nzuri, na itakuwa nzuri kweli, naye ataondoka na injini ambayo hakuisikiliza. Ungekuwa umeanza na injini ungedai risiti za kubadilisha oili, ungekuja asubuhi na mapema, ungeweka mkono juu ya boneti kuhakikisha ni baridi, ndipo ungewasha. Muuzaji aliyekwisha kulipasha gari moto kabla hujafika amekuambia jambo bila kufungua mdomo.

Upande wa Ford, injini ya lita 3.5 ya EcoBoost ilijipatia sifa mbaya katika modeli za 2017 hadi 2020 kwa kelele ya kukwaruza sekunde chache baada ya kuwashwa ikiwa baridi, inayotoka kwenye vifaa vinavyogeuza majira ya valvu. PowerBoost ni ya baadaye, ila ni ukoo uleule, sikiliza. Giaboksi ya gia kumi nayo ilifikishwa mahakamani na wenye F-150 za miaka hiyohiyo kwa kushtuka na kusita wakati wa kubadili gia. Kwenye PowerBoost mota ya umeme, yenye nguvu ya kilowati 35, imewekwa ndani ya giaboksi hiyo. Kwa hiyo jaribio lako lisiwe la kuzunguka mtaa mara moja kwa mwendo wa harusi. Tambaa kwenye foleni ya duka kubwa kwa umeme, mpaka injini iingie yenyewe. Rudi nyuma kwenye mteremko. Kanyaga kutoka maili 30 hadi 60 kwa saa. Gari likiruka au likipiga teke pale umeme unapoipisha petroli, hilo lina bei, na bei yake uiulize kabla ya kusaini. Ajabu ni kwamba kila mtu anapiga simu kuulizia bei ya betri ya haibridi, na sijasikia aliyepiga simu kuulizia bei ya giaboksi.

Lakini kosa kubwa kuliko yote liko mlangoni, na halihusu betri wala injini. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango pana kibandiko cheupe chenye mstari wa njano kuhusu matairi na mzigo, na juu yake pameandikwa uzito wa mwisho wa watu na mizigo kwa pamoja. Namba hiyo ni ya gari hilo moja, siyo ya modeli. Tangazo litakupigia ngoma kwamba PowerBoost inavuta hadi pauni 12,700. Ni kweli, katika usanidi fulani. Kibandiko cha gari la kifahari lenye paa la kioo, viti vya ngozi na magurudumu makubwa kinaweza kusema pauni 1,500 tu, kwa sababu mota, betri na anasa zote hizo zimeshakula sehemu ya uzito ambao chasisi imeruhusiwa kubeba.

Sasa fanya hesabu ya kazi halisi ya vijana wetu wengi, kununua gari mnadani na kulivuta. Trela na gari juu yake, tuseme pauni 7,000. Trela iliyopakiwa sawasawa hukandamiza mahali ilipofungwa kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani pauni 700 hadi 1,050. Chukua 900. Kwenye zile 1,500 umebakiwa na 600. Wanaume watatu wenye kilo tisini na kitu kila mmoja wamezimaliza. Sanduku la vifaa halina nafasi, jeki haina nafasi, hata katoni za maji hazina nafasi. Na bado trela ni pauni 7,000, mbali kabisa na zile 12,700 za kwenye tangazo. Ukizidisha, betri haitalalamika. Watakaolalamika ni springi, breki, matairi na giaboksi, na baada ya miaka miwili utakuja kuwaambia watu kwamba haibridi ni mbovu.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili anapiga picha ya kibandiko hicho kabla ya kupiga picha ya dashibodi. Kisha anapitisha tochi chini ya gari. Bodi ya F-150 ni ya aluminiamu tangu modeli ya 2015, nayo haishiki kutu ya chuma, jambo linalowafanya watu wa Michigan na Ohio waisifu. Chasisi yake bado ni chuma, na chumvi ya barabarani haijali jina la gari. Toyota wenyewe, wenye sifa ya kudumu, walikubali mwaka 2016 mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa sababu ya chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia za zamani. Gonga kwa nyundo ndogo. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka minne, kwenye jimbo la theluji, ni vipodozi.

Niwageukie na wale wa upande wa pili, kwa sababu hawa nao wanauza uongo wao. Wanakwambia nunua haibridi, utaokoa mafuta. Piga hesabu. F-150 ya 2021 ya haibridi yenye magurudumu manne ya kuvuta ilipimwa na serikali maili 24 kwa galoni, mwenzake wa EcoBoost ya 3.5 maili 20. Kwa maili 15,000 kwa mwaka hiyo ni galoni 625 dhidi ya 750. Galoni ikiwa dola 3.50, umeokoa dola 437 na senti. Kwa Tundra tofauti ni ndogo zaidi, maili kama moja kwa galoni. Ukivuta trela kwenye barabara kuu, nayo hiyo inayeyuka. Muuzaji akiongeza dola elfu nne kwa ajili ya "kuokoa mafuta", mwambie akaokoe mwenyewe.

Kinachostahili kulipiwa kwenye PowerBoost ni soketi. Toleo la kawaida linatoa kilowati 2.4, na lililolipiwa zaidi linatoa 7.2 nyuma kwenye sehemu ya mizigo, pamoja na soketi ya volti 240. Februari 2021, baridi ilipoangusha umeme wa Texas, Ford waliwaomba wauzaji wao wa jimbo hilo waziazimishe pikapu hizi ziwashie watu nyumba. Wazo si geni. GM walikuwa na Silverado na Sierra za 2004 hadi 2007 zenye betri za asidi za volti 42 na soketi za volti 120. Mafuta ziliokoa kiduchu, lakini wajenzi walizipenda kwa sababu walichomeka misumeno. Kwa fundi wa kuchomelea, wa mbao, au mama anayepika kwenye maonyesho ya wikendi, jenereta isiyopiga kelele iliyo ndani ya gari lake ndiyo hesabu ya kweli. Basi ijaribu. Usiridhike na taa ya kijani kwenye skrini. Nenda na hita ya wati 1,500 na ekstensheni, chomeka, na uiache iungurume dakika ishirini huku ukikagua matairi. Uliza kama ni 2.4 au 7.2, kwa sababu wauzaji wengi hawajui, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kupandisha au kushusha bei.

Zile ambazo nisingezichukua? Silverado na Sierra za haibridi za 2009 hadi 2013, za mfumo ule wa njia mbili ambao GM waliubuni pamoja na DaimlerChrysler na BMW. V8 ya lita 6.0, betri ya volti 300 chini ya kiti cha nyuma, mota mbili ndani ya giaboksi. Mjini zilipimwa maili 21 kwa galoni wakati wenzao wa V8 walikuwa 14 au 15, na hilo ni jambo la kusifiwa hata leo. Waoga wa betri watashangilia kwamba nimekubaliana nao. Sijakubaliana. Betri yake ni ya nikeli, vipande vyake vinaweza kupimwa na kubadilishwa. Linalonikimbiza ni ile giaboksi, iliyotengenezwa kwa magari machache, ikaachwa 2013, na isiyofanana na ya Silverado ya kawaida ambayo kila fundi ameishika. Mwoga wa betri aliyeshauri usinunue alikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na siku nyingine sababu hiyohiyo itamfanya akukataze gari zuri.

Kuna gari moja tu ambalo kwalo nitasema na waoga wa betri kwa sauti moja, betri, betri, betri: lililozama. Betri ya F-150 imefungwa chini ya sakafu. Baada ya kimbunga Ian cha 2022, wazima moto wa Florida walipambana na magari ya umeme yaliyowaka moto baada ya kulowa maji ya bahari, na magari ya mafuriko husafirishwa majimbo ya mbali ambako hati ya umiliki hutafutiwa njia ya kutoka safi. Tafuta historia ya namba ya gari, jimbo kwa jimbo, na uitilie shaka hati iliyohama mara mbili ndani ya mwaka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, pale ambapo hakuna anayeuosha, uangalie mstari wa tope au chumvi. Inua zulia chini ya kiti, unuse. Angalia plagi za nyaya chini ya dashibodi kama zimeota ukungu wa kijani. Ukiviona hivyo usianze kujadili bei, mrudishie funguo.